Kimea cha maua meupe yanayofunguka jioni kwenye jaruba la mpunga, Kyela: je, ni kiduha?

Mkulima wa Bondeni:
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa kukitambua kimea kilichojaa katika jaruba langu la mpunga wa kutegemea mvua, mahali ambapo tope halijakauka tangu Februari. Hakifiki goti, majani yake yamechanika kama nyuzi, na shina limeanza kuwa jekundu. Kinachonishangaza ni kwamba mchana naona vitumba vilivyofumba, ilhali juzi, nilipochelewa kurudi nyumbani giza likiingia, nilikuta maua meupe yamefunguka jaruba zima. Mpunga ulio karibu nacho umedumaa ingawa niliweka mbolea. Jirani anasema ni kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mazao.

Mzee wa Mbegu:
Marahaba. Kwa tope hilo, ningesita kukiita kiduha. Kiduha hupenda udongo usiotuamisha maji, na kile kinachoshambulia mpunga wa huko kwenu huwa na maua mekundu. Unachokieleza kinafanana na Rhamphicarpa fistulosa, ambayo wenyeji wa Kyela huiita mbosyo. Zote mbili ni za familia moja, na mbosyo nayo hunyonya mizizi ya mpunga. Pima mrija ulio chini ya petali, ambao huwa mwembamba na mrefu kupita kiasi kwa ua dogo namna hiyo, kisha tazama kama tunda lina ncha mfano wa mdomo wa ndege. Mmea usiung'oe kwa kuuvuta: chimba bonge zima la tope pamoja na shina la mpunga, ulisuuze taratibu ndani ya ndoo, ndipo uangalie mizizi.

Mkulima wa Bondeni:
Nimefanya hivyo asubuhi hii. Kwa rula ya mwanangu, mrija ni sentimita 3 kasoro kidogo, na tunda lina ncha. Mizizi yake imeshikamana na ya mpunga kwa vinundu vidogo mno. Kumbe siku zote nilipovuta niliikata, nikadhani ni gugu la kawaida.

Mama Jaruba:
Basi ni mbosyo, mwanangu. Ung'oe sasa kabla matunda hayajapasuka, maana mbegu zake ni kama vumbi na maji huzipeleka kwa jirani wa chini. Msimu ujao wahi kupanda, kwa sababu mbegu hizo husubiri udongo ulowe kabisa ndipo ziote, na mpunga uliotangulia huwa umekwisha kupata nguvu. Ushauri wa kuchelewa kupanda, ambao hupewa mwenye kiduha, usiufuate. Kwako utaleta hasara.