Swali la dodoso linalomwekea mhojiwa jibu mdomoni: nilirekebisheje?

Mdodosi
Wakuu, habari. Naandaa dodoso la maoni kuhusu saa za kufungua maktaba. Swali la 3 ni hili: "Je, unakubali kwamba maktaba ifunguliwe mapema ili wanafunzi wasipoteze muda?" Kwenye majaribio karibu wote wamejibu ndiyo. Nitajuaje kama ni maoni yao au swali limewasukuma?

Takwimu_kwanza
Limewasukuma, mkuu, tena mara mbili. "Unakubali kwamba" humvuta mtu kwenye ndiyo, kwa sababu kukubali ni rahisi kuliko kubisha. Halafu "ili wanafunzi wasipoteze muda" ni hoja ya upande mmoja. Nani atapenda wanafunzi wapoteze muda? Futa yote mawili: "Ungependa maktaba ifunguliwe saa ngapi asubuhi: saa 1, saa 2, saa 3, au huna maoni?"

Hata neno moja lina uzito. Mwaka 1941 mtafiti wa maoni Donald Rugg alionyesha jinsi Wamarekani walivyojibu kuhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Walipoulizwa kama ziruhusiwe, asilimia 62 walikataa. Wengine walipoulizwa kama zipigwe marufuku, waliokubali walikuwa asilimia 46 tu. Kiutendaji ni jambo lile lile, ila "marufuku" ni neno kali.

Mdodosi
Shukrani. Na mpangilio wa maswali je?

Sampuli
Hapo ndipo wengi huharibu. Anza na la jumla, ndipo ushuke kwenye mahususi. Ukitanguliza "umewahi kukuta maktaba imefungwa?" umeshamkumbusha kero, na swali la kuridhika likifuata atajibu kwa hasira hiyo. Kichwa kama "Utafiti wa kero za maktaba" nacho kinaharibu hata kabla ya swali la 1.

Ukiwa na shaka, andaa matoleo mawili, uyagawe kwa bahati nasibu, ulinganishe. Lakini si kwa watu 40: kwenye fungu la watu 20, tofauti ya asilimia 10 ni watu 2 tu. Kuikamata tofauti hiyo kwa uhakika wa kuridhisha kunahitaji watu karibu 400 kila fungu.

Hojaji_safi
Naongeza: wadodosaji wasome swali neno kwa neno, wasitikise kichwa jibu likiwapendeza. Kabla ya kuchapisha, tafuta watu 5 hadi 10, kila mmoja akueleze swali la 3 kwa maneno yake. Wakianza kukuambia wewe unataka nini badala ya kinachoulizwa, liandike upya.