Mwamba uliokulalia kichwani, wenye jagi kubwa kubwa: niende wapi wiki moja ya Oktoba?

Mkwezi_wa_Moshi
Habari zenu wakuu. Nipo Minnesota, mwaka wa pili huu napanda kuta za bandia za jimu, na ninachokipenda kuliko vyote ni ule ukuta uliokulalia kichwani lakini holdi zake, yaani vile vishikio, ni jagi, yaani unashika kama mkono wa jagi la maji, unaning'inia, unarusha mguu, raha tupu. Vile vijipande vya kushika kwa kucha kwenye ukuta wima sitaki hata kuviona, vidole vinaniuma. Sasa nimepata likizo ya wiki moja mwezi wa kumi nataka nikaguse jiwe la kweli. Jimu njia za ugumu wa daraja la 5.11 nazipanda bila shida sana. Wengine wananitajia Kentucky, wengine Ugiriki, nauli ninayo nashindwa kuamua. Na nyumbani je, kuna kitu? Desemba nakuja.

Baba_Lexington
Mkuu unafikiria nini na Kentucky iko hapo. Sisi wa Lexington tunaendesha kama saa moja tu kuelekea mashariki tumeshafika Red River Gorge. Jiwe lake ni la mchanga, limepitiwa na mistari ya chuma, sasa zile sehemu laini mvua na upepo vimezila miaka na miaka, chuma kikagoma, ndo maana yamebaki mashimo ya kuingiza mkono mzima na sahani zilizotokeza, na ukuta wenyewe umeinama kiasi kwamba mvua inanyesha nyuma ya mgongo wako na wewe mkavu unaendelea.

Ila siku ya kwanza usikimbilie Motherlode, ule ukuta maarufu wa pale, kwa sababu umeiona kwenye video. Anzia Drive-By Crag, kuna njia inaitwa Breakfast Burrito, 5.10d, itakuonyesha jiwe la pale linataka nini. Eneo hilo lilinunuliwa na wapandaji wenyewe kupitia umoja wao mwaka 2004, na njiani usishangae kukuta pampu za mafuta zinachimba, ndo kwao. Ukishazoea nenda Motherlode ujaribu Chainsaw Massacre, 5.12a. Mimi ile nimeanguka karibu na juu kabisa mara nne, holdi kubwa kama mkate, nimeishika vizuri tu halafu nikaona vidole vinafunguka vyenyewe.

Zuhura_Bara_Ulaya
Baba umeelezea vizuri ila mimi bado ni wa Kalymnos 😄 Ni kisiwa cha Ugiriki, zamani watu wake wakijulikana kwa kuzamia sponji baharini, mpaka 1996 Muitaliano Andrea Di Bari akafika akaiona miamba, leo ndo wapandaji wamejaa. Lile pango la Grande Grotta mawe yake ya chokaa yananing'inia kutoka darini kama viwele vya ng'ombe, hayo hayashikwi kwa mkono peke yake, unayabana kwa mapaja, unayakumbatia, mengine unayakalia kabisa unapumzika unaangalia bahari na kisiwa cha Telendos ng'ambo. Hakuna kitu kama hicho jimu.

Lakini niseme ukweli, ndani ya pango njia nyingi zinaanzia 7a, hiyo kwenu ni 5.11d, na zile maarufu kama Priapos na Aegialis ni 7c. Nenda asubuhi, mchana jua linaingia. Kamba mita 70 ndo ya chini kabisa, na ufunge fundo mwishoni. Halafu safari: ndege mpaka Kos, boti kutoka Mastichari, kwa mtu wa Minnesota siku mbili zimeondoka kwenda na mbili kurudi, kwenye wiki moja unabaki na nini? Hiyo iweke ya wiki mbili.

Msee_wa_Lukenya
Niaje. Nyumbani usikuje ukitafuta pango la jagi bro, utaboeka. Lukenya, karibu na Nairobi, mwamba ni wa kusimama, miguu ndio inafanya kazi. Hell's Gate kule Naivasha ni nyufa, unasukuma ngumi ndani na unaweka mwenyewe vyuma vya kukushika ukianguka. Kuzuri sana, lakini si ile kitu unaulizia.

Na hiyo 5.11 ya jimu usiibebe kama kitambulisho. Ukuta wa jimu unaisha haraka, nje bado uko nusu ya njia na vigasha vishakuwa mawe. Holdi kubwa ndio inadanganya watu, mtu anaona anashika poa anasimama hapo kufikiria mikono ikiwa imekunjwa, kumbe anamaliza mafuta. Kabla uende fanya hivi, panda ile ukuta imeinama, shuka kwa kupanda, panda tena bila kugusa chini, mpaka ujue kunyoosha mkono na kuukung'uta huku ukishikilia na mwingine.

Mkwezi_wa_Moshi
Aisee shukrani. Kentucky basi, Zuhura umenimaliza na hesabu ya siku. Swali la mwisho, nikianguka nikabaki naning'inia hewani ukuta siufikii nafanyaje? Na kuvua karabina, zile pete za chuma za kupitishia kamba, wakati wa kushuka?

Baba_Lexington
Kuanguka hewani ndo salama kuliko kugonga ukuta, hofu yako iwe kwenye bolti ya kwanza, yaani chuma cha kwanza kilichopigiliwa mwambani cha kufungia kamba, kule ziko juu, kwa hiyo uje na fimbo ndefu ya kuchomekea kamba ukiwa bado chini, wala hakuna atakayekucheka, wote wanayo. Ukining'inia, shika kamba ya upande wa anayekushikia ujivute, ukijiachia ghafla yeye anakula ile kamba iliyolegea, mnarudia mpaka ufikie. Njia nyingi za Motherlode karabina zinakaa pale pale, angalia tu zisiwe zimeliwa na kamba mpaka zikawa na makali. Zisizokuwa nazo, wakati wa kushuka jichomeke kwenye kamba ya upande wa anayekushikia ikuvute karibu na ukuta, na ile karabina ya chini kabisa usiivue ukiwa bado umejichomeka hapo, utapepea mpaka kwenye miti na yeye umburuze.

Hema weka kwa Miguel's pale Slade, pizza iko mlangoni. Na usifike Jumamosi, Oktoba kuna foleni mpaka chini ya njia mbovu. Jumatatu mimi niko ofu.