Mtoto ana mafua, kaandikiwa sindano tano. Pumzi zake hakuna aliyezihesabu!

Wakuu, habari za jioni. Wasimamizi naomba msiuhamishie uzi huu kule jukwaa la afya ukafie huko, nataka wazazi wote wausome.

Jumanne ya wiki iliyopita mwanangu, miaka miwili na miezi michache, aliamka na homa. Siku mbili kabla alikuwa ameshaanza kamasi na kikohozi, kama dada yake, kama mimi, kama nusu ya abiria wa daladala yangu ya asubuhi. Mama yake akasema tumpeleke. Nikakubali, homa ya mtoto hapa Dar si ya kuchezea, inaweza kuwa malaria. Tukaenda zahanati moja ya binafsi karibu na nyumbani. Jina nalihifadhi, msinifuate inboksi.

Daktari alikaa nasi dakika nne. Najua ni nne kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Mtoto hakuvuliwa shati. Kile kipimo cha kusikilizia kifua kilibaki shingoni kwake kama mkufu. "Anatapika? Anaharisha?" huku mkono umeshaandika vipimo: malaria, picha kamili ya damu, mkojo. Saa moja na nusu baadaye tukarudi. Malaria hakuna. Mkojo safi. Damu, akasema, "ina maambukizi kidogo, na kifua nacho."

Haya, sikilizeni matibabu ya "maambukizi kidogo": seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, moja kila siku kwa siku tano. Akimaliza hizo, Azuma (azithromaisini, antibayotiki nyingine) ya maji siku tatu. Dawa ya kikohozi. Setirizini. Panadol. Jumla 74,000, bado bodaboda za kwenda na kurudi kila siku. Mtoto akashikwa na watu watatu akawekewa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa. Kwa mafua!

Sindano ya pili ilipopita, usiku ule akaanza kuharisha. Alhamisi mkono wenye kanula ukavimba. Pale zahanati tukakuta foleni imetoka hadi nje, mama watoto akasema yeye hasubiri, twende ya serikali wamtoe tu hicho kitu.

Kule tukakutana na nesi mtu mzima. Akaitoa kanula, kisha akaniambia, "Baba, mvue shati. Mpakate hivyo hivyo, usimlize." Akatazama tumbo la mtoto linavyopanda na kushuka, jicho moja kwenye saa, dakika nzima hasemi na mtu. Thelathini na nne. Akaangalia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Hakibonyei. "Anakunywa?" Anakunywa. Kuhusu kucheza hakuuliza, maana dogo alikuwa ameshamvuta kitambulisho chake cha shingoni.

Ndipo akanifundisha nilichopaswa kufundishwa Jumanne. Mtoto anayekohoa, wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ukihesabu pumzi 40 au zaidi kwa dakika, hapo anahema haraka na unafikiria nimonia. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Chini ya miezi miwili ni 60. Bila hiyo, bila kifua kubonyea na bila dalili za hatari, ni mafua na kikohozi: anywe sana, asali kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kwa kuwa ameshapita mwaka, Panadol homa ikipanda. Akianza kuhema haraka, akikataa kunywa, akilegea, mrudishe hata usiku wa manane. Kikohozi chenyewe kinaweza kuchukua wiki mbili na zaidi, "usije ukanililia hapa siku ya tano." Gharama: sifuri. Saa yake ya ukutani ilikuwa chakavu kuliko ile ya zahanati ya binafsi, kioo kimepasuka.

Sasa hasira yangu iko hapa. Haya si mambo ya siri. Ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto, na matabibu wetu wanafundishwa darasani. Hata mwanangu angekuwa kweli na nimonia ya kawaida, dawa ya kuanzia ni amoksilini, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya bei ndogo. Seftriaksoni na azithromaisini shirika hilohilo limeziweka kundi la tahadhari, zisitolewe ovyo. Huku kwetu ndizo za kufungulia mlango.

Na msiniambie hatuna takwimu, tunazo za hapahapa. Mwaka 2008 watafiti walichunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, majibu yakachapishwa 2014. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Karibu 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, wenye wa bakteria 22 kati ya 100. Antibayotiki haigusi virusi. Kisha utafiti mwingine wa Dar, wa 2017: watoto wenye homa waliotibiwa kwa mazoea yetu, karibu 95 kati ya 100 walipewa antibayotiki. Waganga walipofuata utaratibu wa hatua kwa hatua kwenye tabuleti, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo, idadi ilishuka hadi kama 11. Na watoto hawakuzidiwa. Yaani kwa mazoea tunawapa takribani wote, ili tusimkose mmoja ambaye dakika moja ya kumtazama vizuri ingeweza kumwonyesha.

Nina rafiki ni tabibu, jana nilimpigia nikiwa bado nimefura. Akaniacha nimalize, kisha akasema: "Kaka, mgonjwa akitoka kwangu bila dawa, kesho yuko kwa jirani na mtaa mzima unajua mimi sijui kazi. Na huyo mmoja niliyemrudisha na asali akifa na nimonia, utanitetea wewe?" Akaongeza kwamba hela ya kumwona daktari hailipi hata umeme, zahanati inaishi kwa maabara na dirisha la dawa. Halafu malaria. Zamani kila homa ilikuwa malaria na kila mtu alipewa dawa yake. Kipimo cha haraka kilipokuja, dawa za malaria zikapungua, antibayotiki zikapanda. Kipimo kikisoma hasi, daktari anajikuta mikono mitupu mbele ya mama anayemkodolea macho, naye lazima aandike kitu.

Nilimwelewa, na bado nimekasirika. Woga ni wake, kanula iko mkononi mwa mwanangu.

(Na ndiyo, nami nina dhambi zangu. Mwaka jana dada wa duka la dawa muhimu aliniomba cheti nilipotaka amoksilini ya koo, nikamfokea hadi akaniuzia vidonge kumi. Nikanywa sita. Leo wizara ikitangaza habari za UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, naangalia pembeni.)

NYONGEZA 1: Mkuu mmoja hapo chini anasema pumzi zilikuwa 34 kwa sababu sindano mbili zilishafanya kazi. Inawezekana kabisa! Ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Jumanne hakuna aliyehesabu, kwa hiyo si wewe, si mimi, si daktari mwenyewe atakayejua kama zilihitajika. Huwezi kujisifu umezima moto ambao hukuangalia kama unawaka.

NYONGEZA 2: Wanaosema kamasi zilikuwa za kijani, basi ni bakteria: hapana. Rangi hiyo inakuja hata kwenye mafua ya virusi, ni chembe za kinga zikiwa kazini. Na wanaosema "bora kinga, dawa haidhuru", njooni mfue nepi za siku zile mbili.

NYONGEZA 3: Kwa mnaouliza, dogo mzima, anakula, amevunja rimoti. Sindano zilizobaki hatukuzimaliza, nesi aliyempima alisema hazina kazi. Msiniige mkaacha dozi za watoto wenu kwa kusoma uzi, waulizeni waliowapima.

Leo mchana nimevirudisha vichupa vitatu vilivyobaki. Keshia kasema dawa ikishatoka dirishani hairudi. Wakati nabishana naye daktari akapita, akanitambua, akauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia bado anakohoa kidogo.

Kasema nimlete ambadilishie dawa.