Nikiandika "mbuzi wa Kajiado" kwa ubao na si wa Kajiado, hiyo ni kesi?

Choma_Kayole

Habari zenu wadau. Niko na kibanda cha nyama choma huku Kayole, na mbele kuna ubao mweusi ambao kila asubuhi naandika kwa chaki MBUZI WA KAJIADO, maana ukitaja Kajiado tu watu wanameza mate na kilo zinaenda haraka. Sasa Jumamosi akaja mzee mmoja wa huko huko Kajiado, akaagiza kilo moja na nusu na supu, kwenda kunawa mikono akaona beseni pale nyuma lina vichwa viwili bado vina nywele, vyeupe pe. Akaniita pembeni, "Kijana, hawa ni mbuzi aina ya Galla, wametoka kaskazini huko, Kajiado umeitoa wapi?" Nikabaki kama nimemwagiwa maji. Nyama naletewa na broka kwa pikipiki saa kumi na moja asubuhi, yeye husema Kajiado na mimi naandika Kajiado, basi.

Tangu siku hiyo najiuliza, si serikali ilazimishe tu kila nyama iandikwe imetoka nchi gani, kwa sababu sote tunajua wengine wanatoka Ethiopia, Somalia, Tanzania. Lakini mteja wangu mmoja akaniambia hiyo kitu haiwezekani, ati Marekani walijaribu wakashtakiwa WTO, lile shirika la biashara duniani, wakashindwa. Ni ukweli? Kwani biashara ya dunia inakataza mtu kujua anakula nini?

Karani_wa_Mizigo

Huyo mteja wako amekupa nusu ya hadithi. Hakuna mahali WTO inakataza lebo. Ulaya mpaka leo nyama ya ng'ombe lazima iandikwe alizaliwa wapi, akalelewa wapi na akachinjwa wapi, walianza baada ya ule ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na huko kila ng'ombe ana hereni ya namba sikioni, na nchi nyingine humpa hata pasipoti yake (sicheki, ni pasipoti kweli).

Ya Marekani ilikuwa hivi. Sheria ya kuandika nyama imetoka nchi gani ilipita 2002, ikavutwavutwa, nyama ikaanza kuwekwa lebo 2008. Kumbuka Kanada walikuwa wanauzia Marekani nguruwe wadogo wa kwenda kunoneshwa Iowa, na Meksiko walikuwa wanapeleka ndama Texas. Sasa slota (kichinjio) ikipokea mchanganyiko inabidi iwatenge, hawa rekodi yao, wale rekodi yao, na mwenye slota akipiga hesabu anaona heri achukue wa nyumbani peke yake, ama wa kigeni awakatie bei. Kanada na Meksiko wakaenda kushtaki WTO huko Geneva, Desemba ya mwaka huo huo wa 2008, na 2012 Marekani ikashindwa hata kwenye rufaa.

Lakini soma sababu. Majaji hawakusema kumwambia mteja ukweli ni makosa. Walichosema ni kwamba mnambebesha mfugaji na slota mzigo wote wa makaratasi, halafu habari zenyewe hazimfikii mlaji, maana hoteli zilisamehewa, maduka madogo yakasamehewa, nyama iliyosindikwa ikasamehewa. Zaidi ya nusu ya nyama ya ng'ombe ilikuwa inaliwa bila lebo yoyote! Sasa ukichukua rekodi za wote na unaonyesha wachache, anayeumia ni ng'ombe wa jirani. 2013 wakarekebisha, wakataka kila hatua iandikwe, ikawa mbaya zaidi kwa sababu makaratasi yaliongezeka na misamaha ikabaki vile vile. 2015 wakashindwa tena, na Desemba Kanada na Meksiko wakaruhusiwa kuongeza ushuru kwa bidhaa za Marekani, jumla zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Bunge lao likafuta lebo ya ng'ombe na nguruwe mbio mbio, ilikuwa tarehe 18 Desemba 2015. Na wiki hiyo hiyo mawaziri wa nchi za WTO wenyewe walikuwa na mkutano hapa kwetu Nairobi, KICC, tarehe 15 mpaka 19!

Halafu hii utaipenda: walifuta ng'ombe na nguruwe peke yake. Mbuzi bado supamaketi za Marekani lazima ziseme ametoka wapi. Kondoo pia, na kuku.

Mama_Bucha_Umoja

Kwa hivyo baada ya hapo ng'ombe wao akawa hana kwao? Na ile stika ya "zao la Marekani" je

Karani_wa_Mizigo

Mama, ile ni ya hiari, na kwa miaka mingi nyama ya nje ikiingia ikapakiwa upya kule iliweza kubandikwa hivyo. Wafugaji wao walilia sana. Ndiyo 2024 wakatoa kanuni mpya, kuanzia Januari 2026 huandiki hivyo kama mnyama hakuzaliwa, hakulelewa na hakuchinjwa kule kule.

Kijana_Kiamaiko

Mimi niko Kiamaiko, kule kwa machinjio ya mbuzi, kila siku kabla jua litoke, wacha niwaambie kile karani haoni akiwa kwa meza. Mbuzi akishuka lori ana rangi mgongoni, nyekundu, buluu, kijani. Hiyo rangi ni ya mwenye mbuzi si ya nchi. Kibali cha kusafirisha kinasema lori lina mbuzi wangapi na wametoka soko gani, lakini ngozi ikishatoka pale kwa ndoano wote ni sawa, na muhuri wa daktari wa mifugo unasema nyama imepimwa, basi, hausemi mama yake alikuwa wapi.

Na huyo mzee wako pia amekosea kidogo, Galla siku hizi wanafugwa hata Kajiado, rangi si ushahidi. Halafu kuna mbuzi anazaliwa Longido upande wa Tanzania, ndugu ya mwenyewe anaishi Bissil upande wetu, anavuka kwa miguu na malisho, ananenepa, anauzwa Bissil, anakuja kuchinjiwa huku. Wewe Choma huyo utamwandika nini na chaki yako? Mkitaka lebo anzeni na sikio la mbuzi huko boma, mkianza na ubao wa Kayole mtaandika tu vile broka amesema.

Mama_Bucha_Umoja

Na hiyo hereni ya sikio italipwa na nani, mbuzi mwenyewe?? Kilo itapanda tu. Mimi wateja wangu wananiuliza mfupa ni kiasi gani, nchi hawajawahi kuuliza

Karani_wa_Mizigo

Ndiyo kesi yote ya Kanada hiyo mama, umeisema kwa mstari mmoja.

Choma, kuhusu ubao wako, WTO haina habari na wewe, zile sheria ni za serikali zinapolazimisha. Lakini kumdanganya mteja kuhusu unachomuuzia kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hapo "broka aliniambia" si jibu la kuegemea sana.

Choma_Kayole

Asanteni, nimeelewa. Nilifuta Kajiado nikaandika MBUZI peke yake. Leo yule mzee amerudi, akaangalia ubao, akauliza kwani leo mbuzi hana kwao. Nikamwambia ukweli, sijui. Akaagiza kilo mbili.