Poka: mtu akiomba tugawe mara mbili, nikubali au nipunjwe?

KarataSaba: Wakuu habari za jioni. Tunacheza Texas Hold'em (poka ambayo kila mtu ana karata mbili mkononi, na tano za mezani ni za wote) kwa jamaa, hela ndogo tu. Juzi nina ree ya shupaza na ree ya kisu. Mezani kuna K na 9 za kopa, 4 ya shupaza, 2 ya pau. Mwenzangu ana 7 na 6 za kopa, yaani ikija kopa moja tu anakuwa na kopa tano na kunipiga jozi yangu ya ree. Wote tumeshamwaga kila kitu, katikati kuna Sh 88,000, imebaki karata moja. Akasema tugawe mara mbili, kila karata ibebe nusu. Nikakubali. Ya kwanza nikala, ya pili ikaja kopa, tukagawana. Mimi ndiye nilikuwa mbele, kwa nini nimpe nafasi mbili?

MzeeWaMeza: Umepigwa mchana kweupe 😂

HesabuKali: Mzee acha hizo. Nafasi mbili ndiyo, ila kila moja kwa nusu ya hela. Karata ambazo hamjaziona ni 44, kopa ndani yake 9. Mkigawa mara moja, wastani wa mwenzako ni 9/44 ya 88,000, yaani 18,000. Wako 70,000. Mkigawa mara mbili, anabeba zote asilimia 3.8, anapata nusu asilimia 33.3, anakosa kabisa 62.9. Zidisha, jumlisha, inarudi 18,000 ileile. Kilichobadilika ni kuyumba tu: wewe kuzoa zote kumeshuka toka asilimia 79.5 hadi 62.9, lakini kuondoka mikono mitupu nako kumeshuka toka 20.5 hadi 3.8.

KarataSaba: Shukrani mkuu. Ila karata ya kwanza hairudishwi kashani. Ya pili si inakuwa na hesabu yake?

HesabuKali: Inakuwa nayo ukishaiona ya kwanza. Ikiwa kopa, anabaki na 8 kati ya 43. Isipokuwa kopa, 9 kati ya 43. Kabla hujafunua chochote, ukichanganya hali zote mbili unapata 9/44. Tena kutorudisha kunakusaidia utulivu, maana akipata mara ya kwanza, ya pili inamwia ngumu kidogo.

BintiTanga: Mimi hukubali kila mara, mtaji wangu mdogo. Ila huwa sitangazi mapema. Mtu akijua mtagawa mara mbili hatishiki na dau kubwa, analifuata hata na mkono wa kubahatisha, na hapo faida yako inaguswa kweli. Halafu kwenye mashindano usitegemee, kule karata hugawiwa mara moja.

MzeeWaMeza: Na ile ya kupanga safu mbili za karata mezani tangu mwanzo, kila safu nusu ya hela?

HesabuKali: Huo mchezo mwingine kabisa. Pale mnaendelea kupandishiana dau huku mnaziona safu zote mbili. Ukiwa na nguvu safu moja tu, unaweza kulipia madau yote kugombea nusu, na mwenye nguvu kote anakubana. Jozi ya ree tupu pale usiiringie.

KarataSaba: Basi Ijumaa akiniomba tena namgawia, ila akitaka safu mbili namwambia kwanza tupunguze dau.