Naomba ushauri: mwezi gani mzuri kuwapeleka wazazi Bukoba kwa meli?

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Nipo Mwanza, Kirumba. Nataka wazazi wangu wasafiri kwa meli usiku hadi Bukoba, wapumzike siku tatu, warudi. Mama hajakanyaga meli tangu ajali ya MV Bukoba mwaka 1996. Juzi nikamsikia anamuuliza baba kama chumbani kuna dirisha la kuona ziwa. Nikajua amekubali, sitaki kuiacha nafasi hii.

Bajeti ya tiketi zao, kwenda na kurudi, ni laki mbili. Nataka chumba cha watu wawili, maana mgongo wa baba hauwezi kukaa kwenye kiti usiku kucha.

Desemba mwaka jana nilienda bandarini wiki moja kabla ya Krismasi, vyumba vyote vimeshajaa. Wahaya wanarudi nyumbani. Wavuvi wa Mwaloni wananiambia niepuke Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unachafua ziwa. Machi hadi Mei ni masika. Nawaza Februari au Septemba.

Mliosafiri miezi hiyo, ziwa lilikuwaje usiku? Na nauli ya chumba hushuka abiria wakipungua, au ni ileile, cha muhimu ni kuwahi tu?

Natanguliza shukrani.