Kukimbia kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa siku tano: nijiandaeje?

Mwana wa Ubungo
Ndugu zangu, mwezi Julai nakusudia kukimbia kutoka Ubungo hadi Msamvu, Morogoro, takriban kilomita 180, kwa siku tano mfululizo. Nimekwisha kumaliza marathoni mbili, lakini sijawahi kuamka asubuhi iliyofuata nikakimbia tena. Rafiki yangu atanisindikiza kwa pikipiki akiwa amebeba maji na nguo. Nifanye mazoezi ya namna gani, na ni jambo lipi huwaangusha watu njiani?

Babu Mikese
Kijana wangu, nilikwenda njia hiyo hiyo miaka iliyopita, na kosa langu nililifanya siku ya kwanza, ambayo ndiyo siku mtu hujiona mzima kuliko zote. Nilipita Mlandizi kabla ya adhuhuri nikiwa na furaha tele. Siku ya tatu, nilipoiacha Chalinze, sehemu ya mbele ya kifundo cha mguu ilianza kuwaka moto, na nilipoweka kidole hapo huku nikikunja wayo, niliihisi kano ikikwaruza chini ya ngozi. Miguu ilikuwa imevimba, nami kila alfajiri nilikaza kamba za viatu vilevile. Nilizilegeza, nikaacha matundu ya juu bila kamba, na safari iliyobaki karibu yote niliimaliza kwa kutembea.

Kwa hiyo tembea kabla hujachoka: kimbia dakika 25, tembea 5, tangu kilomita ya kwanza. Nunua viatu vinavyozidi namba yako ya kawaida kwa nusu au moja, uvizoee mapema. Katika mazoezi, kimbia kwa muda wa saa tatu Jumamosi na kwa muda wa saa mbili Jumapili, polepole sana, kwa kuwa unachofundisha mwili ni kuanza safari miguu ikiwa bado mizito. Kila wiki ya nne punguza.

Muuguzi wa Tanga
Naongeza mambo ya afya, na la kwanza nalisisitiza kwa moyo wote: usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili uendelee kukimbia. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, wakati ambapo figo tayari zimeelemewa na upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyoumia. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi, simama na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kunywa kadiri ya kiu. Mtu akinywa maji mengi kupita kiasi, chumvi ya damu hushuka. Vidole huvimba, kichwa huuma, kisha akili huchanganyikiwa. Supu yenye chumvi jioni husaidia sana. Lengelenge lenye maji litoboe pembeni kwa sindano safi, usiibandue ngozi yake, kisha lifunike kwa plasta.

Chakula nacho ni kazi: kila kilomita hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wako, hivyo mwenye kilo 65 anayekimbia kilomita 36 anahitaji takriban 2,300 juu ya mlo wake wa kawaida. Kula wali, viazi, ndizi na tende mara tu unapofika, hata kama hamu haipo.

Dereva wa Lori
Mimi hupita barabara hiyo kila wiki. Kimbia upande wa kulia ili utuone tukija, vaa kizibao cha kung'aa, na malori mawili yanapopishana, toka kabisa kwenye lami. Rafiki yako asitambae nyuma yako. Atangulie kilomita tatu hivi, aegeshe nje ya barabara na kukusubiri.

Mwana wa Ubungo
Shikamoo Babu, na asanteni nyote. Nimeamua ziwe siku sita, na ya kwanza nitalala Kibaha hata nikijisikia mwepesi. Je, Babu, mbele ya Chalinze ulilala wapi?

Babu Mikese
Marahaba. Nililala Mdaula, kisha Mikese kwa ndugu zangu. Ukifika huko utaiona milima ya Uluguru, nawe usikubali ikuharakishe.